Mfuko wa Saruji Juu ya Mizani ya Mahindi

Nyie mnaobaki na ukumbi wa ngumi mmeniomba niwaandikie kazi nilivyoifanya, mkasema niandike kama ninavyoongea. Haya. Vyeo sitaviandika, na malipo siyagusi kabisa maana yatanipandisha hasira na leo nimeamka vizuri. Nitaandika habari za mizani. Ndiyo iliyonifundisha kazi, ila ilichelewa.

Najua mnacheka mtu wa miaka thelathini na tano kusema amestaafu. Alhaji, yule mwenye malori, nilipomwambia aliniangalia kichwani akaniuliza, "Mvi ziko wapi?" Nikamwonyesha vidole. Viwili vya mkono wa kulia havikunji tena, na asubuhi za baridi nafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Miaka kumi na sita nimeimaliza ndani ya kile kibanda, minne nikipigana, iliyobaki nikishika kona na kupanga nani akutane na nani. Darasa la ukocha sijawahi kukaa. Nilijifunza kwa kuangalia, kwa kubishana, na kwa kukosea watu.

Nilianza nikiwa kuli kwenye ghala la mahindi pale Tunduma. Nyuma ya ghala palikuwa na kibanda cha mabati, na kila jioni nikimaliza kupanga magunia nasikia mtu anapiga begi. Siku moja nikaingia. Nilikuwa na mwili mdogo na mdomo mkubwa, nikasema hapa hakuna wa kunisumbua. Mle ndani kulikuwa na mzee mfupi, masikio yamejikunja, anafagia. Akaegemeza fagio ukutani.

"Unaitwa nani?"

"Zabroni."

"Zabroni, panda ulingoni. Dakika tatu. Mimi sipigi. Wewe nishike tu popote, hata shati."

Huyo ndiye Kocha Jotamu, mtu wa Igamba, wakati huo ana hamsini na kitu. Nilimkimbiza dakika tatu. Nilishika kamba, nilishika nguzo, mara moja nilijishika mwenyewe. Shati lake sikuligusa. Nikashuka napumua kama nimepanda Mlima Mbozi na gunia.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Sijachoka."

"Basi kaa hapo chini uendelee kutokuchoka."

Nilikaa. Kuanzia siku ile, mtu akimsema vibaya Kocha mbele yangu, tulikuwa tunaenda nyuma ya ghala. Wengine bado wana alama. Siombi msamaha kwa wote, wawili watatu tu.

Kazi ya kona alinifundisha yeye. Kufunga bendeji isibane damu. Kupaka mafuta ya mgando juu ya nyusi bila kuingiza jichoni. Kuongea maneno matatu tu kati ya raundi, maana mtu aliyepigwa hasikii la nne. Barafu tulikuwa tunachukua kwa wauza samaki, kwa hiyo mabondia wetu walikuwa wananuka samaki mpaka raundi ya mwisho. Kuna mgeni mmoja alilalamika kwa mwamuzi kwamba ile harufu inamtoa mchezoni. Mwamuzi akamwambia hakuna kanuni ya samaki.

Ukuta mnaujua. Kila anayepigana anaandikwa jina na kilo zake, na jina la mpinzani na kilo zake, na ilivyoisha. Ule mstari wa kwanza kabisa, wa rangi nyekundu, uliandikwa kabla mimi sijazaliwa: JOTAMU 63, CHANDA 70, RAUNDI YA 6. Chanda ni mtu wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Walipigana kwenye uwanja wa mpira hapa Tunduma, Wazambia wakavuka na ngoma, na Kocha akamwangusha mtu aliyemzidi kilo saba na kichwa kizima cha urefu.

Mimi ule mstari niliusoma kama watu wanavyosoma Biblia. Ndio uliokuwa unanipa nguvu ya kubishana na Alhaji.

Alhaji ni mtu wa Tanga, amekaa Tunduma miaka mingi kwa sababu ya malori, na simu yake imejaa ngumi za zamani. Foleni ya mpakani ikikwama, madereva wanakaa kwa mama wa chai, Alhaji anatoa simu, na kesi inaanza. Kesi yenyewe siku zote ni moja: yule bingwa wa enzi zile, wa picha zisizo na rangi, akikutana na huyu wa leo, nani analala?

"Wa leo," anasema Alhaji. "Wa uzito wa juu wa zamani alikuwa na kilo themanini na tano. Wa leo ana mia na kumi na mkono kama bomba la maji. Lori la tani thelathini likigongana na Noah, utaniambia Noah ina mtindo?"

"Noah haikai barabarani kusubiri kugongwa, Alhaji. Ina kona."

"Itakata kona mpaka mafuta yaishe."

"Lori nalo linachemsha mlima wa kwanza."

Madereva wanacheka, mama wa chai anaongeza tangawizi. Ila mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa namaanisha. Nilikuwa nawaambia mtu mfupi anayejua kuingia ndani, kichwa chini ya jabu, ile ngumi ya kunyoosha, anapiga mbavu, anatoka ubavuni, huyo urefu wa mpinzani ni zawadi kwake, maana mkono mrefu ukishapita sikio hauna kazi tena. Niliwaambia zamani walipima uzito asubuhi wakapigana jioni, kwa hiyo kilo iliyoandikwa ndiyo kilo iliyopanda ulingoni. Wa leo anapima leo, analala, anakula, anakunywa, kesho anapanda ana kilo sita zaidi. Niliwaambia wa zamani alizoea raundi kumi na tano, na wa leo ya kumi na mbili tayari anaangalia saa. Hayo yote ni kweli na bado nayasema. Halafu nilikuwa namalizia na lile la kwetu: "Mkitaka ushahidi njooni mkasome ukuta. Kilo sitini na tatu imeangusha sabini. Hapa hapa, siyo kwenye simu."

Hapo Alhaji alikuwa anarudisha simu mfukoni. Anamheshimu Kocha.

Sasa mizani. Miaka yote tulipimia kwenye mizani ya ghala, ile ya chuma ya kusimama chini, ina sahani ya kuwekea gunia na mkono juu wenye jiwe la kusogeza. Bondia anapanda pale yanapopandaga mahindi. Wageni walikuwa hawapimwi hapa. Kila upande unapima mtu wake kwake na kuja na karatasi, ya zahanati au ya hospitali, ndiyo utaratibu tuliouzoea tangu enzi za Kocha. Hakuna aliyeona tatizo. Nani atadanganya na karatasi ina muhuri?

Tajiri wa ghala alipofariki, watoto wake wakafunga biashara ya mahindi wakafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mizani ikatupwa stoo. Alhaji akatununulia mizani ndogo ya kukanyaga, ya betri, inayoandika namba kwa taa nyekundu. Ilifika mwanzoni mwa Januari. Nikawapandisha vijana wote. Kila mmoja amezidi. Huyu kilo nne, huyu tano, huyu mzito kabisa sita.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi niliwaka. Niliwaambia wamekula sikukuu mpaka wamesahau kama wana kazi, wamejaza pilau za Krismasi, hawana adabu. Niliwanyima ugali wa jioni wiki mbili. Vijana walikimbia Tunduma mpaka Mpemba na kurudi, wakirudi wanakunywa uji mwepesi wa mtama, wananung'unika. Hakuna aliyeshuka zaidi ya kilo moja na nusu. Nikasema ndiyo hivyo, miili ya vijana wa siku hizi imeharibika, tukaandika namba mpya, tukaendelea. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na nimeliandika wazi ili msilirudie. Watu kumi wakizidi siku moja, usiwalaumu watu.

Ezekia alikuja miaka miwili baada ya hapo. Mnamjua, ila mnamjua wa sasa. Wakati ule alikuwa ametoka Iyula, kwao wanalima kahawa, ana miaka ishirini na mbili, haongei. Nilimwambia anishike shati, akanishika raundi ya pili. Mfupi, mabega mapana, kichwa hakitulii, anaingia chini ya jabu kana kwamba amefundishwa na Kocha mwenyewe, wakati Kocha alikuwa ameshastaafu amerudi Igamba. Nilimpandisha kwenye mizani ya betri. Sitini na tatu kamili.

Nilikaa chini. Sitini na tatu, mtindo ule ule, hata ufupi ule ule. Nikasema Mungu ameniletea Kocha wa pili.

Basi Nakonde wakamtoa mtu wao, Mwape, mrefu, kilo sabini, hajapigwa. Na anayemfundisha ni nani? Chanda mwenyewe, yule wa ukutani, sasa mzee. Alhaji alipopata habari akaja ukumbini amebeba simu mkononi.

"Zabroni, miaka yote unanisumbua na zamani na sasa. Haya, lile pambano lirudiwe. Sitini na tatu na sabini. Uwanja ule ule. Tuone kama ni mtindo au ni kilo. Ulingo nafunga mimi, viti naleta mimi."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ezekia nilimuuliza baadaye, kwa heshima tu.

"We bro unaonaje?" akaniuliza yeye.

"Naona ukuta."

"Basi poa."

Tulikuwa na wiki tano. Kulikuwa na tingo wa lori, msaidizi wa dereva, kilo sabini na moja, anajua ngumi kidogo, nikamwomba awe anafanya mazoezi na Ezekia. Raundi mbili za kwanza Ezekia alikuwa anamchezea anavyotaka. Ya tatu yule tingo akawa anamkumbatia na kumwekea mwili wote mabegani. Ya nne miguu ya Ezekia ilikuwa imekwisha, na ngumi ya kawaida, ambayo raundi ya kwanza angeiona inatoka Vwawa, ikampata shavuni akapiga goti. Usiku huo kichwa kilimuuma, akaniambia kesho yake. Nilimwambia hajalala vizuri. Hilo ni kosa la pili.

Ilibaki wiki moja nikapata wazo la kijinga lililotuokoa. Nilitaka Ezekia apimwe mbele za watu kwenye mizani ile ile aliyopimiwa Kocha, watu wa picha wapige, Alhaji akome. Nikaenda duka la vifaa, nikaitoa mizani stoo, nikaifuta vumbi, nikamwita Ezekia ajaribu.

Hamsini na nane.

"Imekufa," akasema Ezekia.

"Haijakufa, umeshuka?"

"Asubuhi nilikuwa sitini na tatu, bro."

Akashuka, akapanda. Hamsini na nane. Pembeni kulikuwa na mifuko ya saruji imepangwa, nikabeba mmoja nikautupa juu ya sahani. Mfuko umeandikwa kilo hamsini, kiwanda kimeshona, haujafunguliwa. Nikasogeza jiwe. Arobaini na sita. Nikaweka mwingine. Arobaini na sita. Nikaanza kutukana, muuza duka akaniomba nitukane kwa sauti ndogo kuna wateja.

Nikamtafuta Baba Neema, aliyekuwa mpimaji wa ghala kwa miaka yote, sasa anauza viatu vya mtumba karibu na stendi. Nikamweleza. Hakuacha hata kupiga kiwi.

"Mlikuwa mnapimia ipi? Ya mlangoni au ya ndani?"

"Ya mlangoni. Ile ya chuma."

"Aa. Ile ni ya kununulia."

"Ya kununulia maana yake nini?"

Akanitazama kama namtania. "Zabroni, wewe si ulikuwa kuli pale? Mkulima analeta gunia, unapima kwa ile. Mteja anakuja kununua, unapima kwa ile ya ndani. Jiwe la ile ya mlangoni lilitobolewa likamiminiwa risasi ya kuyeyushwa liwe zito, gunia lisome pungufu. Nilikuta hivyo hivyo, nikaacha hivyo hivyo."

"Na mabondia je?"

"Mimi nilikuwa napima mahindi, baba. Nyie mlikuja wenyewe na kaptula zenu mkapanda."

Nilirudi ukumbini nikakaa mbele ya ukuta. Hesabu ndogo, hata mimi niliiweza. Hamsini inasoma arobaini na sita, basi anayesoma sitini na tatu ana sitini na nane na nusu. Chanda alikuja na karatasi ya kliniki ya Nakonde, sabini. Kilo saba za Kocha zikabaki moja na nusu. Halafu macho yakashuka mstari wa pili, wa tatu, wote. Mtu wetu sitini, mgeni wa Mlowo sitini, mgeni kaanguka ya pili. Mtu wetu hamsini na saba, mgeni wa Mbeya hamsini na saba, mgeni kavunjwa taya. Wetu wote wa kabla ya mizani ya betri walipimwa kwa ile ya kununulia. Wageni wote walipimwa hospitali. Miaka yote tuliyojisifu mtindo, tulikuwa tunapandisha watu wazito kwa watu wepesi.

Na sasa nilikuwa na Ezekia, ambaye sitini na tatu yake ni ya kweli, na bango limeshabandikwa mpaka Nakonde.

Nikiacha pambano liendelee, Ezekia anaumia. Nikilivunja bila kusema sababu, ukumbi wetu unaitwa wa waoga. Nikisema sababu, nafuta mstari wa kwanza, na Kocha yuko hai, anasikia. Sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Igamba.

Nilimkuta anapukuchua mahindi na mke wake. Mama akaniletea kiti na kande. Nilizunguka sana, nikasema habari za mvua, habari za mbolea. Kocha akaniacha nizunguke.

"Sema, Zabroni. Hujawahi kupenda mbolea."

Nikasema. Mizani, saruji, risasi, sitini na nane na nusu. Nilisema nimeangalia chini. Nikamaliza kwa kusema mtu mwingine asijue, nitamwambia Ezekia ajifanye amevunjika kidole, basi.

Kocha aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Ya mizani sikuijua," akasema. "Ila Chanda nilimjua. Raundi ya kwanza alinikumbatia. Mtu aliyekuzidi kilo saba akikukumbatia, anakulalia, magoti yanaongea. Yule hakunilalia. Nikasema mbona huyu ni saizi yangu, ila mrefu tu."

"Mbona hukusema, Kocha?"

"Ningemwambia nani? Nilishuka ulingoni kila mtu ananiambia mimi nilivyompiga jitu. Walinibeba. Ukishabebwa juu juu, kusema niteremsheni ni kazi." Akachukua gunzi jingine. "Huyo kijana wako, akikumbatiwa na mtu wa sabini anakuwaje?"

"Ya nne anapiga goti."

"Na ulikuwa unampandisha."

"Nilikuwa naamini ukuta."

Mama akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi nilimfulia kaptula wiki ile. Ilikuwa inambana. Nikasema sitini na tatu ipi hii."

Kocha akasimama akaingia ndani, akatoka na koti. "Twende. Siku ya kupima nitakuwepo. Na hakuna kidole kilichovunjika."

Siku ya kupima watu walijaa ukumbini mpaka nje. Madereva, vijana wa Nakonde wamevaa jezi, Alhaji kwenye kiti cha mbele. Mwape alikuja na Chanda. Mara ya kwanza namwona Chanda karibu: mzee mrefu aliyeinama, ana fimbo, sauti ya chini. "Mulishani mukwai," akatusalimu wote, mmoja mmoja.

Nilikuwa nimeleta mizani ya mlangoni, mizani ya betri na mfuko wa saruji. Nikapima mfuko kwenye ya betri: hamsini. Nikapima kwenye ya chuma: arobaini na sita. Watu wakaanza kuguna, maana hapa kila mtu amewahi kuuza mahindi. Hawakuhitaji kuelezwa risasi. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo iliyonila." Nikasema pambano la kesho halipo, mtu wangu ana sitini na tatu za kweli, na sitampandisha na sabini.

Ezekia aliishika kamba ya ulingo akaniangalia. Nilikuwa nimeshamwambia asubuhi.

"Bro, umenichoma mbele za watu," akasema. "Kocha alipigana."

"Kocha alikuwa sitini na nane na nusu." Hiyo siyo mimi niliyesema, ni Kocha mwenyewe. Alikuwa amesimama ukutani na kopo la rangi na brashi. Nikawahi kumshika mkono. Nilimwambia, Kocha, mimi nipo hapa, mstari huu haufutwi, atakayeufuta tunaenda nyuma ya ghala.

"Zabroni," akasema polepole, "na mimi tutaenda nyuma ya ghala?"

Nikauachia mkono. Akafuta sitini na tatu, akaandika juu yake sitini na nane na nusu. Ile nusu ilimpa shida, brashi ilikuwa nene. Halafu Chanda akaja mbele na fimbo yake, akasimama karibu na ukuta, akausoma kwa kidole.

"Ba Jotamu," akasema, "kwetu kule mimi naitwa yule aliyepigwa na kitoto. Harusini naitwa hivyo. Kanisani. Niliacha ngumi mwaka ule ule, nilisema mtu mdogo vile akinipiga, basi sina mikono. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu."

Kocha aliweka brashi juu ya kopo. Ndiyo mara pekee nilimwona hana pa kukwepea.

"Ulikuwa na mikono," akasema mwisho. "Ubavu huu uliniuma mwezi mzima. Muulize mke wangu."

"Kwa nini hukuvuka kuniambia? Ni mwendo wa dakika kumi."

"Nilipenda kubebwa."

Chanda alitingisha kichwa muda mrefu. Nilidhani atampiga na ile fimbo, na nilijiambia hiyo nitaiacha ipite. Akavua viatu, akapanda kwenye mizani ya betri. Themanini na moja. Akamwita Kocha naye apande. Hamsini na tisa.

"Sasa ndiyo nakuzidi," akasema Chanda. Watu wakacheka, na yeye kidogo.

Pambano halikufa moja kwa moja. Chanda alikuwa amekuja na kijana mwingine wa kupigana pambano la utangulizi, kilo sitini na nne, tukampima hapo hapo kwa mizani moja na Ezekia, wakapigana kesho yake. Ezekia alipigwa kwa pointi. Safi kabisa, hakuna la kulalamika, na raundi ya sita miguu yake ilikuwa mizima. Hakuongea na mimi mwezi mzima. Alipoanza kuongea, la kwanza alisema yule tingo alikuwa anamlalia kweli.

Mimi nilibaki mwaka mmoja. Kazi yangu ya mwisho haikuwa ulingoni. Nilinakili ukuta kwenye daftari, nikaenda kwa wageni niliowapangia mimi, Mlowo, Vwawa, Mbeya, mmoja mpaka Saza machimboni, ambako wana mizani ya kupima punje ya dhahabu lakini mtu haenei. Nilikuwa nawaambia jambo moja tu: ulipigwa na mtu aliyekuzidi kilo fulani, na aliyekupanga ni mimi. Yule wa taya alinisikiliza akiwa mlangoni, akafunga mlango. Ni haki yake. Wa Saza alinipa soda. Sasa natembea na spana za kutengeneza pikipiki na watu wananiita fundi, nimeridhika.

Mnaobaki, mkiendelea kubishana zamani na sasa, bishaneni. Alhaji bado yuko kwa mama wa chai, juzi kaniuliza Kocha wa wakati ule na Ezekia wa sasa nani analala. Nikamwambia kwanza nijue tunapima wapi, saa ngapi, kwa mizani ya nani, raundi ngapi. Akasema nimekuwa mtu wa kuchosha. Mfuko wa saruji uko kona ya kushoto, nimeufunga nailoni mbili usinywe unyevu. Anayekuja na karatasi, mpandisheni tena hapa, na kabla hajapanda mtu, upande mfuko. Najua ukuta unadai plasta. Tafuteni mfuko mwingine.

Wiki niliyokabidhi funguo, Chanda alivuka peke yake asubuhi, akaomba kuingia. Alikuwa na simu ya mjukuu wake. Alitaka picha ya mstari mmoja tu, ule wa juu, aipeleke nyumbani. Alijaribu mara mbili, akaniambia begi linaziba namba. Nikalishika begi, nikalivuta pembeni, nikasimama nalo mpaka akamaliza.